Siku Nilipozigawia Stesheni Dini

Aibu ninayotaka kuisimulia sikutwishwa na mtu. Niliinyanyua mwenyewe, nikajitwika, nikatembea nayo mchana kweupe mbele ya shehe, mchungaji na majirani zangu wote, kwa hiyo usihangaike kunitafutia wa kumlaumu, maana nimeshamtafuta mwenyewe na sikumpata. Naiandika kwa sababu Kariakoo imeshaanza kuisimulia kwa namna yake na kila anayeisimulia anaongeza chumvi (kuna muuza vitasa mmoja anasema nililia, ni mwongo, lilikuwa jasho), na mimi nikichekwa nataka nichekwe kwa kilichotokea, siyo kwa cha kuongezewa.

Kuandika si kazi yangu. Shule niliachia darasa la tatu. Kiswahili nasoma vizuri tu nikiwa na miwani na nikiachwa na utulivu wangu. Kiingereza nakitazama kinavyopita kama mtu anavyotazama msafara wa mkubwa, najua ndani kuna mtu ila simjui. Lakini nina gesti. Nilishuka Dar nikitokea Kilimanjaro na shati nililovaa, nikawa mpagazi hapa hapa sokoni, nikabeba magunia mpaka shingo ikafupika, nikauza mitumba, nikauza bawaba na misumari, nikajenga, na jengo lenyewe linaonekana, halihitaji kusifiwa (ingawa nikipata nafasi hulisifu). Linaitwa Behewa Lodge. Jina nilipewa na rafiki yangu Shabani, kwa sababu wageni tuliowalenga ni wafanyabiashara wa huko juu kwenye reli, Dodoma, Tabora, Kigoma, wanaoshuka kwa treni kuja kufunga mzigo Kariakoo na kurudi nao.

Shabani ni nani? Shabani ni yule tuliyebeba naye magunia, tukapanga naye chumba Magomeni, tukala sufuria moja na tukaugua malaria ile ile kwa zamu. Mimi Mchaga Mlutheri, yeye Mnyamwezi Mwislamu, na kwa miaka yote hiyo sijawahi kumwona akikasirika zaidi ya muda wa chai kupoa. Sasa ana duka la ndoo na mabeseni mtaa mmoja na mimi, na kila alasiri nakwenda kukaa kwenye baraza lake tunakunywa tangawizi na kuwasema watu. Mke wangu alishafariki, watoto wana mambo yao, kwa hiyo mtu akiniuliza nina nini mjini hapa, nitamjibu nina ghorofa na Shabani. Kumbuka hilo ninapoendelea.

Gesti ilipokaribia kufunguliwa, Shabani akaja na bahasha. Ndani mlikuwa na kijitabu chembamba cha ratiba ya treni ya abiria, cha enzi za wakoloni, kilichotoka kwenye sanduku la marehemu mama yake.

"Shika, Mangi," akaniambia (sokoni Mchaga mwenye duka anaitwa Mangi, awe mtoto wa chifu au wa mkata majani kama mimi). "Gesti inaitwa Behewa na ukuta wa mapokezi mtupu kama shavu la mtoto. Chora hii. Lakini kitabu nirudishie, ni cha mama."

Nikuambie ukweli, mimi ni mtu wa bidhaa, picha huwa hazinishughulishi, lakini kile kijitabu kilinikalisha chini. Jalada lake lilikuwa na injini inakuja moja kwa moja kukuelekea, imechungulia kutoka nyuma ya kilima, na moshi wake umepanda juu ukajikunja ukawa wingu, na ndani ya hilo wingu ndimo wameandika jina la ratiba kwa herufi nene zenye kivuli, unaona kabisa kwamba herufi zimesimama zenyewe. Kulia mnazi. Kushoto tembo amekaa pembeni ya reli anaitazama treni kama mtu aliyekata tiketi anasubiri kuitwa. Na tembo mwenyewe wa kijani! Nikakigeuzageuza, nikagundua kilichomfanya awe kijani: mchapaji alikuwa na rangi mbili tu, kijani na nyekundu ya matofali. Weupe wa moshi ulikuwa karatasi yenyewe, hakuutilia rangi hata tone. Nikasema huyu alikuwa mfanyabiashara kama mimi, ameuza rangi tatu kwa gharama ya mbili.

Ndani majina ya stesheni yamepangwa kutoka juu kwenda chini, Dar mpaka Kigoma, na pembeni safu za saa zimenyooka kama misumari kwenye boksi, zimetengwa kwa mistari myembamba kama unywele. Na pembeni ya majina kulikuwa na vialama vidogo vya kupendeza: kitanda, kisu na uma, kiganja cha mkono chenye kidole kinachoonyesha, na kingine kama msalaba mwembamba ambao mguu wake umechongoka.

Nikamwita Chidi, kijana mchora mabango anayejulikana hapa mjini, anachora vinyozi, anachora mama lishe, anachora na makanisa. Nikamwambia chora jalada upande wa kulia, chora orodha ya stesheni upande wa kushoto, kama ilivyo. Alitaka kumfanya tembo awe wa kijivu ("Mzee, tembo hana rangi hiyo, watu watatucheka"), nikamkatalia katakata. Akachora vizuri, sitamwonea.

Tatizo likaja chini. Ukuta uliisha kabla ya karatasi. Chini ya orodha ya stesheni, kijitabu kilikuwa na mistari ya maandishi madogo ya Kiingereza, madogo kama sisimizi wanaohama, na pale ukutani mahali pake palikuwa pameshaliwa na miguu ya tembo, maana nilimwambia Chidi amkuze.

"Mzee, tupunguze tembo au tuache haya maandishi?" akauliza Chidi.

Binti yangu Ndeshi, ambaye ndiye anaiendesha gesti na ana diploma ya mambo hayo, alikuwa anapita na mashuka, akachungulia begani kwangu. "Baba, haya ya chini nadhani ndiyo yanaeleza zile alama."

Nami nikajibu, tena kwa sauti ya mtu anayesikilizwa, "Alama inayohitaji kuelezwa siyo alama. Acha maandishi."

Ndeshi akainua mabega akaenda na mashuka yake. Hapo ndipo ilipoanzia. Huo mdomo.

Chidi alipofika kwenye vile vialama akaniuliza vina maana gani, ili ajue avichangamshe vipi. Sasa ungekuwa wewe, umetoka kusema alama haihitaji maelezo, ungejibu hujui? Nikamweleza moja moja. Kisu na uma, hapo chakula kipo. Kitanda, hapo kuna gesti. Mkono, hapo unaelekezwa choo. Msalaba, hapo kuna misheni, maana wamisionari na reli walipanda pamoja. (Nilijisikia vizuri sana kuijua historia hiyo, ambayo nilikuwa naitunga pale pale nimesimama.) Chidi akafurahi, kwa sababu misalaba ndiyo fani yake. Vile vijimsalaba vya wino, vidogo kuliko mbegu ya ufuta, akavitoa ukutani vikubwa, vyekundu, vyenye miale inayotoka pande zote kama siku ya Pasaka.

Alasiri ile nikamwita Shabani aje aone. Alisimama mbele ya ukuta akiwa anatabasamu, akasoma stesheni kwa kidole, akamcheka tembo, akashuka, akashuka, akafika Lusimbi. Lusimbi ni kistesheni kidogo huko mbele ya Tabora, na ndiko alikozaliwa. Tabasamu likaondoka.

"Mangi, hii nini?"

"Msalaba."

"Naona ni msalaba. Uko Lusimbi unafanya nini?"

"Misheni. Imo kwenye kitabu, sikuitunga mimi."

"Lusimbi hakuna misheni. Hakuna kanisa, hata la majani. Kuna msikiti, na msikiti wenyewe alijenga babu yangu kwa mikono yake, tofali kwa tofali, amezikwa ubavuni pake. Leo umemwekea msalaba unaotoa miale?"

Ningesema tu, "Nisamehe, nitaufuta," tungekwenda kunywa tangawizi. Lakini Chidi alikuwa anasikiliza na vibarua wa umeme walikuwa wanasikiliza, na mimi ndiye mwenye jengo. Nikasema, "Shabani, kitabu chako, ukuta wangu."

Akanitazama kidogo. Akasema, "Haya," akavaa viatu vyake akatoka. Alasiri iliyofuata nilipokwenda barazani kwake kile kigoda changu hakikuwepo nje. Alikuwa amekiweka ndani, juu yake amepanga ndoo.

Hapo nikaogopa, ingawa sikukiri. Mtu mwingine angekwenda kuomba radhi. Mimi nikaona dawa ni usawa. Si tunajua wenyewe nchi yetu inavyokwenda, shughuli ikifunguliwa kwa dua inafungwa kwa sala? Nikamwita Chidi, nikamwambia pale Lusimbi futa msalaba weka mwezi na nyota. Akaweka. Sasa ikawa kwenye ukuta mzima mwezi ni mmoja na misalaba kibao, mgeni wa kwanza wa Kiislamu akiingia si atajiona yuko ugenini? Nikasema basi tuongeze miezi. Lakini wapi na wapi? Nami kwenye reli hiyo sijafika hata Ngerengere hapo karibu!

Nikaanza kuulizia. Nikauliza wapagazi, nikauliza wauza soksi, nikauliza mama lishe anayepika mbele ya gesti, kila mtu kwao wapi na kwao kuna nini, na ndani ya muda mfupi mapokezi yangu yakawa kama baraza la kata. Huyu anasema kwao ni mwezi, binamu yake anasema acha uongo, kwetu kuna wote. Mpagazi mmoja wa Kilosa akataka vyote viwili, msalaba na mwezi. Mama lishe, ambaye ni Mgogo wa Saranda na ana ulimi, akasimama mbele ya ukuta na mwiko mkononi.

"Mangi, kwetu hujaweka chochote. Ina maana sisi wapagani?"

"Mama, kwenye kitabu hapakuwa na kitu."

"Kwa hiyo kitabu ndiyo kinajua tunavyosali?"

Saranda ikapata vyote viwili. Ikawa stesheni isiyo na alama inaonekana kama imetengwa, kwa hiyo nikaamuru hakuna jina kukaa tupu. Chidi alikuwa anachora huku anaimba. Ndeshi alinipitia siku hiyo akautazama ukuta, akanitazama mimi, akasema, "Baba, hii ni ratiba ya treni kweli?" nikamwambia akatazame mapazia.

Moyoni nilikuwa na jambo moja tu: siku ya uzinduzi Shabani atakuja, ataona mwezi wa Lusimbi, mkubwa, una dhahabu pembeni, tutacheka, na kigoda kitarudi nje. Nilimpelekea kadi ya mwaliko mwenyewe. Aliipokea, akasema asante, akaendelea kufuta vumbi kwenye mabeseni.

Siku ikafika. Nilifunga barabara nusu kwa viti vya plastiki, pilau ya kutosha mtaa mzima, spika mbili. Shehe wa msikiti wa jirani akaomba dua, mchungaji wetu akasali, utepe ukakatwa. Kiti cha mbele nilichokiandikia jina la Shabani kilikuwa kitupu. Nikakitazama mpaka mshereheshaji akanipa kipaza sauti, nikajua nisipoanza watu watakula bila kuelezwa ukuta.

Basi nikaingia nao mapokezini, waliobaki nje wakasikia kwa spika, nikachukua bomba la pazia nikawa naonyesha kama mwalimu. Nikaeleza moshi ulivyo karatasi. Nikaeleza tembo. (Hapo nilikuwa sahihi, naomba ikumbukwe.) Kisha nikashuka kwenye alama. "Kisu na uma, hapa wali umeiva. Kitanda, hapa kuna gesti, wenzetu walitutangulia. Mkono, fuata unakoonyesha utakuta choo. Msalaba, ndugu zangu, hapa injili ilifika. Na mwezi, hapa ndugu zetu Waislamu walijenga misikiti yao. Reli yetu haikumbagua mtu!"

Wakapiga makofi. Shehe alitikisa kichwa kukubali, kwa adabu. Nilijisikia kama niliyeijenga hiyo reli.

Makofi hayajaisha, watu wakapisha njia mlangoni. Shabani. Amevaa kanzu ya Ijumaa na haikuwa Ijumaa.

"Karibu, Shabani," nikasema kwenye kipaza sauti. "Kiti chako kipo."

"Sikuja kukaa," akasema. "Hongera ya jengo. Nimekuja kuchukua kitabu cha mama."

Unajua ukimya wa watu waliokuwa wanasubiri pilau? Ndeshi akaenda haraka kwenye droo, akakitoa kijitabu, na kwa kuwa Shabani alikuwa mbali kikapitishwa mkono kwa mkono. Kikafika kwa mchungaji. Mchungaji wetu ni mtu wa vitabu, hawezi kupitishiwa karatasi asiisome, angeisoma hata ya kufungia maandazi. Akakifungua. Akatazama kijitabu, akatazama ukuta. Akavaa miwani. Akatazama tena.

"Mzee," akaniambia taratibu, "msalaba umesema maana yake nini?"

"Misheni, mchungaji."

"Mbona hapa chini wameeleza vingine?"

"Soma, mchungaji," shehe akasema. "Soma kwa sauti, wote tujifunze."

Mchungaji akaniangalia kwa huruma, kisha akasoma Kiingereza, kisha akakifasiri. "Alama hii, treni haisimami katika stesheni hii mpaka abiria aombe isimame."

Spika ikaguna. Nikatazama misalaba yangu, mizito, myekundu, ina miale. Kila mahali kitabu kilipoweka msalaba nami nikasema injili ilifika, palikuwa ni mahali treni inapita bila kusimama!

"Na mkono?" mama lishe akapaza sauti kutoka nyuma.

"Mkono," mchungaji akasoma, "tazama ukurasa wa nyuma."

"Siyo choo?"

"Siyo choo."

(Baadaye tulimkuta mgeni mmoja stoo ya magodoro. Alikuwa ameufuata mkono.)

Kitanda kikawa behewa la kulala, siyo gesti. Kisu na uma, kuna behewa la chakula. Kila nilichokisema kilikuwa kinavuliwa nguo mbele ya watu. Halafu shehe, ambaye ni mtu mpole na nina hakika hakukusudia ubaya, akauliza, "Na mwezi na nyota, wameuelezaje?"

Mchungaji akatafuta. Akageuza ukurasa. Akatafuta tena. "Mwezi hawakuuandika."

Wote wakageuka kunitazama.

"Mwezi," nikasema, "ni wa kwangu."

Nilisahau kwamba kipaza sauti bado kilikuwa mdomoni. "Mwezi ni wa kwangu" ikatoka kwenye spika zote mbili, ikavuka barabara, ikafika mpaka kwa wauza viatu, na Kariakoo ikacheka. Nimeishi hapa tangu nywele zangu zikiwa nyeusi sijawahi kusikia Kariakoo ikicheka kwa pamoja vile. Mshereheshaji alikuwa ameshika ukuta. Ndeshi, mwanangu mwenyewe, amejifunika uso kwa kitambaa cha meza.

Aliyekuwa hacheki ni Shabani. Alikuwa amesogea ukutani bila mtu kumwona, amesimama mbele ya Lusimbi, pale mwezi ulipokuwa umepakwa juu ya msalaba na wekundu umeanza kutokeza chini yake. Akauweka mkono pale.

"Mpaka aombe," akasema.

Waliokuwa karibu wakasogea wamsikie.

"Mama alikuwa anavua kanga ya juu," akasema, hakuwa anaongea na mimi, alikuwa anaongea na ukuta. "Tunakaa kando ya reli na mtama wetu tangu asubuhi. Treni ikitokea anasimama anapunga. Siku nyingine dereva anamwona. Siku nyingine anapita, tunajitwika tunarudi nyumbani. Mimi nilidhani ni kwa sababu mama alikuwa mfupi. Nilipokuja huku mjini nikaikuta treni imesimama yenyewe, hakuna anayeipungia, nilishangaa sana." Akapitisha kidole kwenye ule wekundu. "Kumbe iliandikwa."

Mchungaji akampa kile kijitabu. Akakiweka ndani ya kanzu, upande wa moyo, akampa mkono mchungaji, akampa mkono shehe, akanipita, akatoka. Pilau yangu watu waliila, lakini ni kama pilau ya msiba wa mtu usiyemjua.

Usiku sikusinzia. Kuchekwa niliweza kukustahimili, mtu aliyebeba magunia hashindwi na hilo. Kilichoniuma ni kwamba rafiki yangu alinikabidhi kitu cha mama yake, na mimi nikakisemea mbele za watu bila kukiuliza.

Asubuhi nikajikongoja mpaka dukani kwake. Kigoda kilikuwa bado ndani chini ya ndoo. Yeye amekaa nyuma ya mabeseni anasoma gazeti.

"Shabani."

Akafunua ukurasa mwingine.

"Shabani, hodi."

"Treni haisimami hapa," akasema bila kuinua gazeti.

"Umesemaje?"

"Haisimami mpaka uombe. Vuka barabara, simama pale kwa muuza soksi, upunge."

"Shabani, mimi ni mzee wa watu. Mtaa mzima unanijua."

"Na mama yangu alikuwa hajulikani?"

Nikageuka, nikavuka kati ya mikokoteni, nikasimama kwa muuza soksi, nikatoa leso mfukoni. Nikatazama kushoto na kulia. Nikapunga.

Ya kwanza kusimama ilikuwa bodaboda. "Twende, mzee, wapi?" Nikamwambia siendi mahali. Ikaja ya pili, ikaja ya tatu, wakaanza kugombana nani nimempungia. Mpagazi akanisogezea mkokoteni: "Mzigo uko wapi, Mangi?" Muuza soksi akanionyesha soksi. Mmoja kati ya waliokuwepo jana akanitambua, akaita wenzake: "Yule mwenye mwezi huyo!" Wakakaa kwenye ngazi kutazama. Na Shabani, ng'ambo kule, ameshusha gazeti ananitazama waziwazi, halafu anageuza uso upande wa pili kama asiyeona. Ananitazama, anageuza. Mkono ukaanza kuuma. Jua likanikalia utosini. Nikaendelea kupunga, na sikuwa tena nawaza watu, nilikuwa nawaza mama wa mtu kando ya reli na mtama wake, anapungia kitu kinachomwona vizuri tu na bado hakijaamua.

Mara Shabani akasimama. Akaziondoa ndoo moja moja juu ya kigoda, bila haraka, akakitoa nje, akakipangusa kwa kiganja. Halafu akaweka mikono mdomoni akapiga kelele iliyozidi honi zote za mtaa ule:

"Haya, panda, Mangi! Unatuchelewesha!"

Nilivuka bila kutazama magari. Tangawizi ilikuwa ya moto, hatukusemana lolote la maana, tuliwasema watu kama kawaida.

Ukuta Chidi ameusafisha. Miezi yangu imetoka, misalaba ya miale imetoka, alama zimerudi ndogo na nyeusi kama zilivyokuwa kwenye karatasi, na maelezo yake, Shabani alipotuazima tena kitabu, Ndeshi ameyafasiri kwa Kiswahili yakaandikwa mbele ya kaunta. Ya Lusimbi, Shabani alikuja kuisimamia mwenyewe mpaka rangi ikakauka. Wageni wa gesti wameanza kuja, na wakiniuliza habari za ukutani nawaambia ongeeni na binti yangu.

Mimi nimebaki na shida moja. Bodaboda wa kona ile wakiniona nimetoa leso wanawasha pikipiki, kwa hiyo sasa jasho najifuta kwa kiganja, mzee mzima mwenye ghorofa, na kila ninapojifuta naapa upya kwamba sitamweleza tena mtu maana ya kitu nisichokiuliza, hata kikiwa ni mlango wa choo.